Nani alipima muto? Kazi ya mainjeniere na Ordre yao, na sababu jambo hili linagusa kila nyumba ya Uvira

Tarehe 16 na 17 Aprili 2020, muto Mulongwe ulitoka mu njia yake. Maji ya mulima ilishuka na mawe, miti na matope, ikapita ndani ya makartie, ikabeba nyumba, maduka na watu. Watu zaidi ya 40 walikufa. Maelfu ya nyumba zilianguka, na makumi ya maelfu ya wenyeji wakalala kwa ndugu, mu makanisa na mu masomo. Kituo cha REGIDESO chenye kusafisha maji kiliharibika vilevile, na muji mukubwa ukabaki bila maji ya robine mu eneo ambamo kolera haijaisha hata mwaka moja.

Tangu siku ile, watu wamerudia kujenga. Wengine walijenga fasi ileile, juu ya mawe yenye muto uliacha. Mu nyumba nyingi hizo, ulizo moja halikuulizwa: nani alipima? Nani alihesabu maji inaweza kufika wapi, udongo unaweza kubeba uzito gani, na nani aliweka sinyatire yake kwamba kazi ni ya kuaminiwa?

Mutu mwenye kupashwa kujibu ulizo hilo anaitwa injeniere. Na chama chenye kupashwa kuhakikisha kwamba yeye ni injeniere wa kweli kinaitwa Ordre. Hapa tunaeleza kazi yao, fasi inaishia, na namna mwenyeji wa Uvira anaweza kuitumia.

Jina moja, watu wengi

Ku shantie za Uvira, kila mutu mwenye kushika plani ao metre anaitwa "bwana injeniere". Ni heshima, lakini inachanganya watu. Mu Congo kuko ngazi mbalimbali, na kila ngazi iko na kazi yake.

Kuko fundi masoni, mwenye alijifunza kazi kwa mukono, kwa kawaida kwa kumufuata fundi mwingine. Kuko mwenye diplome ya masomo ya ufundi, ile watu wanaita A2 ya konstruksyo. Kuko wenye walisoma ku masomo makubwa ya ufundi, sawa vile INBTP ya Kinshasa, wenye kuitwa wateknisye ao mainjeniere wateknisye. Na kuko ingénieur civil, mwenye alimaliza universite ku fakilte ya politekniki, kwa desturi miaka 5.

Neno "civil" linapoteza watu wengi. Congo ilipokea desturi ya Ubelgiji, na mu desturi ile "ingénieur civil" si mutu wa majengo tu. Kuko ingénieur civil wa migodi, wa kura (umeme), wa mashini, wa kemia. Kwa hiyo, mutu anaweza kuwa ingénieur civil wa kweli kabisa, na hajahesabu hata daraja moja maisha yake yote. Kama unajenga, haitoshi kuuliza "wewe ni injeniere?" Uliza vilevile "injeniere wa nini?"

Haiko kwamba fundi masoni hana maana. Ukuta muzuri unatoka mu mikono ya fundi muzuri, na injeniere asiye na fundi anabaki na makaratasi tu. Lakini fundi anajua yale aliyoona. Hawezi kujua kwa macho tu kama udongo wa Kasenga karibu na ziwa utabeba nyumba ya etaji, ao kama daraja litapitisha maji ya mvua ambayo haijanyesha tangu azaliwe. Mambo hayo yanahesabiwa.

Ordre ni nini?

Watu wa Kivu wanajua tayari Ordre mbili: ile ya waganga na ile ya mawakili. Mutu hawezi kuvaa kanzu ya wakili na kuingia ku tribinali bila kuandikwa ku Baro. Mainjeniere wako na yao: Ordre National des Ingénieurs Civils, kwa kifupi ONICIV.

Kazi ya ordre ya namna hii, fasi yoyote ya dunia, ni ya aina 4.

Ya kwanza ni kushika orodha. Ndiyo watu wanaita "tablo". Jina la mutu linaingia mu tablo kisha diplome yake kuhakikishwa, na anapewa namba. Mwenye diplome ya uongo anapashwa kukwama hapa.

Ya pili ni kuweka kanuni za kazi. Kwa mufano, injeniere hapashwi kuweka sinyatire ku plani yenye hakuichunguza. Hapashwi kupokea franga ya mwenye kuuzisha siminti ili afunge macho juu ya siminti mubaya. Hapashwi kukubali kazi yenye kupita ujuzi wake.

Ya tatu ni kuhukumu wanamemba wake. Kama daraja limeanguka juu ya uzembe, Ordre inaweza kumwita mwenye kulihesabu, kumuonya, kumusimamisha ao kumufuta ku tablo. Hiyo haiondoe kazi ya tribinali. Tribinali inaangalia kosa mbele ya sheria ya inchi. Ordre inaangalia kosa mbele ya kanuni za kazi.

Ya ine ni kufundisha na kushauri. Tawi la jimbo ao la muji linaweza kukusanya mainjeniere vijana kwa mafunzo, kwenda pamoja kuangalia daraja lenye kupasuka, kuandikia meya ao gavana shauri juu ya muto fulani, na kusema mu radio kwa lugha ya watu. Hii ndiyo kazi wenyeji wanaweza kuona kwa macho.

Jambo hili halikuanza jana. Chama cha kwanza cha namna hii kiliundwa London mwaka 1818, na raisi wake wa kwanza alikuwa Thomas Telford, mutu mwenye alianza kazi kama fundi wa mawe. Mu Canada, daraja la Québec lilianguka mwaka 1907 likiwa bado linajengwa, na wafanyakazi 75 walikufa juu ya hesabu mbaya ya uzito. Tangu 1925, mainjeniere wa Canada wanaapa mbele ya kuanza kazi na wanavaa pete ku kidole kidogo, ili wakumbuke kwamba kosa lao linaua.

Majirani wetu wamesonga mbele kidogo. Tanzania iko na bodi ya kuandikisha wahandisi, sawa vile wanavyowaita kule, yenye kutumika na sheria ya 1997. Wahandisi wanaapa mbele ya watu siku yao ya kila mwaka. Kenya ilipata sheria mupya ya mainjeniere mwaka 2011. Lakini sheria peke yake haizuie ukuta kuanguka. Tarehe 29 Aprili 2016, mu kartie Huruma ya Nairobi, nyumba ya etaji nyingi yenye ilijengwa pembeni ya muto ilianguka usiku wa mvua kubwa, na watu karibu 50 wakafa. Tarehe 16 Novemba 2024, jengo la etaji lilianguka Kariakoo, mu Dar es Salaam, likaua watu zaidi ya 20. Inchi zote mbili ziko na bodi. Bodi inasaidia paka pale leta, mwenye kujenga na mwenyeji wote wanaitumia.

Muto unapimwa namna gani?

Tuchukue Mulongwe kama mufano, lakini maneno haya yanaenda vilevile kwa Kalimabenge na Kavimvira.

Uvira imebanwa kati ya vitu viwili: ziwa upande wa mashariki, na milima ya Mitumba upande wa mangaribi, milima yenye kupita metre 2,000. Kati ya mulima na ziwa kuko kilometre chache tu. Maji yenye inanyesha juu haina muda wa kutembea pole. Inashuka kwa nguvu, na saa chache zinatosha.

Injeniere anaanza na hesabu rahisi. Mvua ya milimetre 50 ikinyesha juu ya kilometre moja ya mraba, ni metre kibe 50,000 za maji. Ni sawa na bidon za litre 20 milioni mbili na nusu. Na bonde la muto liko na kilometre nyingi za mraba. Fasi kuko pori na majani, sehemu ya maji inaingia mu udongo. Fasi miti imekatwa kwa makala na mashamba yamelimwa kufuata mutelemuko, maji mingi inashuka moja kwa moja, na inabeba udongo.

Kisha anaangalia nguvu. Maji ikiongeza mwendo mara mbili, nguvu yake ya kusukuma inaongezeka karibu mara 4. Ndiyo sababu muto wenye watoto wanavuka kwa miguu mwezi wa Julai unaweza kuviringisha jiwe kubwa kama gari mwezi wa Aprili.

Kisha anaangalia mawe na muchanga. Hapa ndipo Uvira iko na shida yenye wengi hawaijui. Muto wa mulima unapofika fasi ya tambarare, unapunguza mwendo na kuacha muzigo wake. Mawe yanajaa mu njia ya muto, chini ya muto inapanda, na siku moja muto unatafuta njia ingine. Ufanyaji huu ndio ulitengeneza udongo wa Uvira tangu zamani sana: sehemu kubwa ya muji imejengwa juu ya mawe yenye mito ileile ilileta. Kwa hiyo, muto unapotoka mu njia yake haufanye kitu kipya. Unafanya kile ulichofanya siku zote. Kitu kipya ni nyumba.

Juu ya hiyo, kusafisha njia ya muto mara moja haitoshi. Ni kazi ya kila mwaka, wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Agosti, mbele mvua irudi. Daraja lenye nafasi kubwa mwaka wa kujengwa linaweza kuwa na nafasi nusu kisha miaka michache, kama mawe yamejaa chini yake. Muti moja mukubwa ukikwama pale, daraja linageuka kizuizi, na maji inapita pembeni, ndani ya makartie.

Watu wengi wanaomba gabioni, zile sanduku za waya zenye kujazwa mawe. Gabioni ni muzuri, lakini siri yake iko chini. Maji ya nguvu inachimba muguu wa ukuta. Kama muguu haukuingizwa chini ya fasi maji inaweza kuchimba, gabioni zinalala mu muto hata kama mawe yake ni mazuri. Ukiona watu wanapanga gabioni juu ya muchanga bila kuchimba, uko na haki ya kuuliza nani alihesabu urefu wa muguu.

Mwisho, injeniere anachagua kipimo: jengo litashindana na mvua ya namna gani? Wanasema "mvua ya miaka 100". Wengi wanaelewa kwamba kisha mvua kubwa ya 2020, muji utapumzika miaka 100. Ni kosa la hatari. Maana yake ni kwamba kila mwaka kuko nafasi 1 juu ya 100 mvua ile ifike. Inaweza kufika mwaka huu na mwaka ujao. Kwa nyumba yenye kukaa miaka 30, nafasi ya kukutana na mvua ile ni karibu 1 juu ya 4. Kukiwa na nafasi kama hiyo, hakuna mama anayeweza kulaza watoto pale akiwa anajua.

Na haiko Uvira tu. Mu teritware ya Kalehe, jimbo letu la Kivu ya Kusini, mvua ya tarehe 4 Mei 2023 ilishusha mito juu ya Bushushu na Nyamukubi. Watu zaidi ya 400 walikufa. Kule vilevile, mulima mukali, ziwa chini, na nyumba ku mudomo wa muto.

Ziwa nalo lina hesabu yake

Watu wa Kalundu, Kasenga na Kavimvira wameona ziwa Tanganyika likipanda tangu 2020, na mu mwaka 2024 maji iliingia mu nyumba, mu barabara na ku bandari, sawa na upande wa Gatumba na Bujumbura kule Burundi. Wengine walisema ziwa limeharibika. Ziwa halikuharibika. Liko na tabia ya kupanda na kushuka, na wazee wenye waliona miaka ya 1960 wanakumbuka: mwaka 1964 lilifika karibu metre 777 juu ya usawa wa bahari, na mu 2024 lilikaribia usawa uleule.

Sababu ni hii. Maji inaingia kwa mvua, kwa Ruzizi yenye kutoka ziwa Kivu, kwa Malagarasi upande wa Tanzania na kwa mito midogo kama ya kwetu. Inatoka kwa njia mbili tu: jua linaikausha, na muto Lukuga unaitoa, kule Kalemie, kwenda mu Lualaba na muto Congo. Jua ndilo linalotoa sehemu kubwa. Kwa hiyo, kama miaka ya mvua nyingi inafuatana, maji inakusanyika kwa upesi kuliko inavyotoka. Sentimetre 1 tu ya ziwa hili kubwa ni zaidi ya metre kibe milioni 300.

Wakati fulani Lukuga yenyewe inafungwa na muchanga na matete. Ndivyo ilivyokuwa mu miaka ya 1870. Karibu 1878 maji ilipasua kizuizi, na ziwa likashuka karibu metre 10 ndani ya miaka isiyofika 20. Ndiyo sababu leo, kule Ujiji, fasi yenye inakumbushwa kwamba Livingstone na Stanley walikutana mwaka 1871 iko mbali na maji.

Habari hii inafundisha mutu mwenye kujenga jambo moja: nchi kavu yenye ziwa limeacha si parsele ya bure. Ziwa litairudilia. Tena, ziwa likipanda, mito nayo inasumbuka. Maji ya Mulongwe ikikutana na ziwa lenye kuwa juu, inapunguza mwendo mapema, inaacha muchanga ku mudomo wake, na njia inajaa kuanzia chini. Kwa hiyo, shida ya muto na shida ya ziwa haziwezi kuhesabiwa na watu wawili wasiosemezana. Hata inchi zinapashwa kusemezana: Congo, Burundi, Tanzania na Zambia ziko na mapatano juu ya ziwa hili tangu 2003, na ofisi yao ya pamoja iko Bujumbura.

Nani anapashwa kufanya nini?

Wenyeji wanalia kwa meya, meya anatuma ku jimbo, jimbo linasema Kinshasa. Ni vizuri kujua mulango wa kugonga.

Barabara kubwa za inchi, sawa vile RN5 yenye kuunganisha Bukavu, Uvira, Fizi na Kalemie, pamoja na madaraja yake, ni kazi ya Office des Routes. Barabara za ndani ya muji na mitaro ya maji, kanivo na kolekta, ni kazi ya Office des Voiries et Drainage, OVD. Franga ya kutunza barabara inakusanywa na FONER, sehemu kubwa kwa kila litre ya esanse yenye kuuzwa na ku peaji. Maji ya robine ni REGIDESO. Ruhusa ya kujenga inatoka ku ofisi ya urbanisme, na mipaka ya parsele ku kadastre. Sheria ya udongo ya 1973 inasema udongo ni mali ya leta. Mwenyeji anapewa haki ya kuutumia. Karatasi ya shefu wa kartie peke yake haibadilishe muto kuwa parsele.

Na Ordre ya mainjeniere? Haijenge daraja, haina bajeti ya gabioni, na haiwezi kubomoa nyumba. Nguvu yake ni sinyatire na sauti. Kama plani ya daraja la Mulongwe imetoka, tawi linaweza kuuliza mbele ya watu: mulitumia mvua gani ku hesabu? Muguu unashuka metre ngapi? Nani atasafisha mawe mwaka ujao? Maulizo haya matatu yanaweza kuokoa daraja kuliko hotuba kumi. Lakini inapashwa tawi liwe na watu wenye kukubali kuuliza, hata kama mwenye kujenga ni mukubwa ao ni shirika lenye franga nyingi.

Hapa kuko jambo la kusema wazi. Ordre haikuundwa kwa kulinda mainjeniere tu. Kama inajali tu kotizasyo, bajeti na viti vya mbele ku sherehe, watu hawataona faida yake. Inapata heshima siku inapomuambia mwanamemba wake mwenyewe: kazi hii umeiharibu.

"Franga ya injeniere itatoka wapi?"

Hilo ndilo jibu la watu wengi, na si jibu la kuchekelea. Watu hawakujenga ku mudomo wa muto juu ya ujinga. Wengi walikimbia vita ya milima na ya tambarare ya Ruzizi, wakafika Uvira bila kitu, na parsele ya bei ndogo ilikuwa pale, karibu na muto ao karibu na maji ya ziwa. Kuwaambia tu "mutoke" bila kuwaonyesha pa kwenda ni kuwahamisha kutoka hatari moja hadi ingine.

Lakini kuko mambo yenye hayaombe franga nyingi, na mainjeniere wote wanakubaliana juu yake.

Kwa beto ya nguzo na ya linto, kipimo cha kawaida ni kilo 350 za siminti kwa metre kibe moja, ni kusema sako 7 za kilo 50. Ku shantie, hiyo ni karibu sako 1 ya siminti, bruete 1 ya muchanga, bruete 2 za gravie, na litre 25 hivi za maji. Fundi akiongeza maji ili beto iteremuke kwa urahisi, anaiua nguvu. Muchanga wenye matope unapashwa kuoshwa, juu matope inazuia siminti kushika mawe.

Beto mupya inapashwa kunyweshwa maji na kufunikwa kwa siku 7 hivi, zaidi sana mu jua la Uvira. Nguvu yake inapimwa kisha siku 28. Kuondoa mbao za etaji mapema ili kuzitumia fasi ingine ni kati ya sababu za majengo kuanguka. Feri nazo zinapashwa kufunikwa na beto sentimetre 3 hivi. Feri yenye kuonekana inje inakula kutu na kupasua beto.

Tusisahau tetemeko. Uvira iko ndani ya bonde kubwa la ufa la Afrika. Tarehe 5 Desemba 2005, tetemeko lenye nguvu ya 6.8 lilitoka chini ya ziwa Tanganyika na kuharibu nyumba mu Kalemie. Tarehe 3 Februari 2008, lingine la 5.9 lilipiga upande wa Bukavu na Rwanda. Nyumba ya matofali yenye shenaji, ule mukanda wa beto na feri wenye kuzunguka chini na juu ya kuta zote, inashikamana wakati udongo unatetemeka. Yenye haina shenaji inafunguka ku pembe. Shenaji inaongeza bei, ni kweli. Lakini kama franga ni kidogo, heri nyumba ndogo yenye shenaji kuliko nyumba kubwa bila hiyo.

Na kwa shauri, si lazima kila familia ilipe injeniere wake. Avenue moja inaweza kujiunga na kumulipa injeniere siku moja ili apite, aangalie njia ya maji na kuonyesha nyumba zenye hatari kuliko zingine. Shefu wa kartie anaweza kuandikia tawi la Ordre na kuomba mafunzo kwa mafundi masoni. Kwa mainjeniere vijana wenye kumaliza universite na kukosa kazi, hiyo ni njia ya kujulikana.

Maulizo 6 mbele ya kutoa franga

Kwa mwenye anataka kujenga, ao kwa kartie yenye inaona shantie ya leta ao ya shirika inaanza, haya ndiyo ya kuuliza:

1. Mwenye kusimamia kazi amesoma nini, na jina lake liko mu tablo ya Ordre na namba gani?

2. Nani anaweka sinyatire ku plani, na tunaweza kupata kopi?

3. Maji ya 2020 ilifika wapi pale? Waulize majirani wa zamani, angalia alama ku kuta. Ulizo hili halilipishwe.

4. Ruhusa ya urbanisme iko wapi, na mupaka wa kadastre unasema nini juu ya muto ao ziwa?

5. Kama ni daraja, mutaro ao gabioni: muguu unashuka metre ngapi, na nani atasafisha kila kiangazi?

6. Kitu kikivunjika ndani ya mwaka wa kwanza, nani anarudi kukitengeneza, na imeandikwa wapi?

Injeniere muzuri hakasirikiye maulizo haya. Anayajibu kwa dakika kumi, na mara nyingi anafurahi kuona kwamba mutu amemuuliza. Mwenye anakasirika, ao anasema "mambo haya hamuwezi kuyaelewa", ameisha kujibu tayari.

Mvua inarudia mu Septemba na inaendelea hadi Mei. Kazi ya kusafisha mitaro, kuondoa mawe chini ya madaraja na kuonyesha nyumba zenye hatari inapashwa kufanyika wakati muto bado ni mudogo na watu wanaona kama hakuna haraka.